Herufi Saba Ubaoni: Kwaya za Shule za Kenya na Somo Lililokosa Nafasi

Kabla piano haijafika katika shule zetu, na katika nyingi haijafika hata leo, palikuwa na ubao, kipande cha chaki na herufi saba: d, r, m, f, s, l, t. Mwalimu aliandika sauti ya kwanza juu na ya nne chini, akatenga pigo na pigo kwa nukta pacha, akaweka kistari pale sauti inapovutwa, kisha akatoa ufunguo kwa mdomo na darasa zima likaingia. Nimefundisha muziki katika sekondari za magharibi mwa Kenya tangu nilipomaliza chuo hadi nilipostaafu. Sijaona kifaa kingine cha ufundishaji kilichoifaa nchi hii sana kwa gharama ndogo namna hiyo. Mbinu hiyo ya herufi saba ndiyo solfa. Ukiifuatilia ilikotoka na ilikopita, utakuwa umeifuatilia kwaya ya shule yenyewe, na utakuta pia habari inayonisumbua: watu walilipenda tunda la somo la muziki bila kulipa somo lenyewe nafasi kwenye ratiba.

Solfa ilibuniwa na mwanamke, Sarah Glover, aliyefundisha watoto kuimba katika mji wa Norwich, Uingereza. Mwaka 1841 mchungaji kijana, John Curwen, alitakiwa na walimu wa shule za Jumapili atafute njia nyepesi ya kufundisha uimbaji. Yeye mwenyewe hakuwa mwanamuziki, na nadhani hilo lilimsaidia, maana alijua mahali anayeanza hukwama. Aliichukua mbinu ya Glover, akaibadili, akaieneza miongoni mwa wafanyakazi na maskini wa miji ya viwanda. Ilienea kwa sababu iliweza kuchapwa kwa herufi za kawaida za kiwanda chochote cha uchapaji, bila mistari mitano na bila mafundi maalumu, hivyo kitabu cha nyimbo kikawa rahisi. Wamishonari waliokuja Afrika walifika na vitabu hivyo mizigoni.

Kule kusini mwa bara, mwaka 1897, Enoch Sontonga, mwalimu katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, alitunga kwa solfa wimbo wa kuimbwa na wanafunzi wake. Wimbo huo ni Nkosi Sikelel' iAfrika, ambao Watanzania wanauimba leo kwa Kiswahili kama wimbo wao wa taifa. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kwaya ya shule ni mchezo wa jioni wa kupitisha muda.

Kwetu Kenya mlango ulikuwa pwani. Mwaka 1875 wamishonari wa Kianglikana walianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, pawe makao ya watumwa waliokombolewa, na kengele yao ingali pale Kengeleni, wapita njia wakiiona kila siku. Mwaka 1902 Waquaker kutoka Marekani wakafika Kaimosi. Mwaka 1906 shule ya Maseno ikaanzishwa, na mwaka 1926 Alliance ikafungua milango yake kule Kikuyu. Katika shule hizo kuimba kulikwenda pamoja na kusali na kusoma. Mtoto aliyekuwa bado anasoma silabi alisoma pia d na m. Mwalimu alipokosa ubao alitumia mkono: ngumi iliyokunjwa ni do, kiganja kilicholazwa ni mi, na darasa zima likaimba kwa kuufuata.

Kilichokosewa zamani zile ni maneno. Zaburi na tenzi nyingi zilitafsiriwa na kubandikwa juu ya muziki uliotungiwa Kiingereza au Kijerumani. Tuni ya Ulaya hupenda kuanza kwa pigo dhaifu, kisha pigo zito. Kiswahili mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Basi neno la silabi mbili kama Yesu likiangukia tuni hiyo, uzito wote unaishia kwenye "su", na mwimbaji anajikuta analipinda jina analolitukuza. Kwa Wajaluo jambo lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa Dholuo ni lugha ya toni: ukipandisha sauti mahali pa kushuka, huenda umesema neno jingine kabisa. Wazee wetu waliimba hivyo hivyo, na wengi wakazoea. Wachache hawakuzoea. Hao ndio waliokuja kutunga.

Mtu ataniuliza: na bendi je? Bendi zilikuwapo, na pwani zilikuwa na nguvu kuliko kwaya. Ngoma ya beni ilizifanya Mombasa na Lamu zigawanyike kwa ushindani wa vyama, Kingi na Scotchi, kila upande na ngoma zake, tarumbeta zake, sare zake na vyeo vyake vya kijeshi. Askari wa King's African Rifles nao walikuwa na bendi zao, na aliyejifunza kupuliza huko alirudi uraiani na ujuzi wake. Lakini ujuzi huo ulikaa mitaani na kambini. Shuleni uliingia kwa shida. Ukitaka kuona bendi ya shule iliyosimama, itazame Starehe. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, kwa vibanda viwili vya mabati vya kupokea wavulana wa mitaani, na bendi yake imezoeleka katika shughuli za umma kwa miaka mingi. Shule nyingine nyingi zilinunua tarumbeta, vali zikakwama kwa kukosa mafuta, ngozi ya ngoma ikapasuka, kile kipande chembamba cha tete kinachotetema mdomoni mwa klarineti kikavunjika na duka la kukiuza liko Nairobi. Kwaya ya watu sitini haina kipuri cha kununua. Kwa sababu hiyo tu, si kwa sababu ya kipaji, Kenya ikawa nchi ya kwaya.

Kisha likaja tamasha. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na mwanzoni lilikuwa la Wazungu. Waafrika waliingia baadaye, kwanza kwa nyimbo za Ulaya. Mwaka 1944 Nat Kofsky alianzisha Conservatoire jijini Nairobi. Katika serikali ya kikoloni aliteuliwa pia ofisa wa muziki na drama, Graham Hyslop, Mwingereza aliyekijua Kiswahili vizuri kiasi cha kuandika tamthilia kwa lugha hiyo, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Yeye alizunguka akisikiliza walimu na wanakijiji, akaandika juu ya ala za muziki za Kenya, na aliamini kwamba mwanafunzi Mwafrika aimbe pia muziki wa kwao. Namheshimu kwa hilo, ingawa nyimbo za kwetu hazikungoja ruhusa ya ofisa ili ziwe muziki.

Aliyelelewa nje ya Kenya hawezi kujua jinsi tamasha lilivyotawala maisha ya shule. Muhula wa kwanza orodha ya nyimbo za lazima inatoka. Muhula wa pili mazoezi yanafanyika bwalo la chakula kuanzia saa kumi jioni, sufuria za githeri zikiwa bado zinaoshwa upande wa pili. Enzi zangu ulipita ngazi ya chini, halafu wilaya, halafu mkoa, na ukijaliwa ulipanda basi usiku kwenda fainali za taifa. Mwamuzi anakaa mezani peke yake na taa yake, anaandika, kisha anasimama mbele ya shule zote na kusema: besi zenu zimezama, matamshi hayasikiki, mmeanza kwenye ufunguo mmoja mkamaliza kwenye mwingine. Karatasi hizo za waamuzi nimeziweka zote. Zimenifundisha kazi hii kuliko vitabu.

Jukwaa hilo ndilo lililozaa aina ya muziki ambayo naiona kuwa mchango wetu mkubwa: wimbo wa kiasili uliopangwa kwa sauti nne. Arthur Kemoli, aliyekuwa mhadhiri wa fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa bingwa wake, na kizazi kizima cha walimu kilimfuata. Mpangaji anachukua wimbo wa kijijini wenye mwimbishaji mmoja na waitikiaji. Soprano anaupata mwito, besi inashika mrindimo wa ngoma kwa mdomo, alto na tenori wanajaza katikati. Kazi hii si ndogo. Wimbo wa isukuti wa Waisukha na Waidakho ni wa ngoma tatu zinazopishana, pembe na miguu, na unaweza kuimbwa tangu asubuhi hadi watu wachoke. Mpangaji ana dakika chache tu, na lazima uanze, upande, uishe. Solfa yenyewe inamgomea: nukta pacha na koma haziandiki kigelegele, wala sauti inayoteleza katikati ya mi na fa, wala pigo la ngoma linalokataa kukaa ndani ya mgawanyo wa nne. Wanaosema mpango huo umeua wimbo wa asili wana hoja. Lakini nimewaona wavulana wa mjini wakijifunza wimbo wa mavuno wa kwao kwa mara ya kwanza bwaloni, kisha likizo wakaenda kumuuliza bibi maana ya maneno. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Kwa wengi wa wanafunzi wangu, njia ya kuufikia urithi huo ilikuwa kwaya ya shule.

Mafunzo hayo yalihitajika na taifa mapema. Mwaka 1963 wanamuziki watano walipewa kazi ya kutengeneza wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Badala ya kutunga maandamano ya kijeshi walichukua wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, uliotoka kwa Meza Galana, wakaupanga na kuutilia maneno. Ni kazi ile ile ya mpangaji wa tamasha, ila safari hii mwamuzi ni nchi nzima. Omondi alikwenda kusoma hadi udaktari London kwa utafiti wa thum, kinubi cha Wajaluo. Mwaka 1982 akapewa kuongoza tume ya rais ya muziki, ambayo mapendekezo yake yalizaa Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki mwaka 1988.

Hiyo ilikuwa enzi ya Rais Moi, na kwaya ilipewa heshima na mzigo kwa pamoja. Walimu wa mikoa walikusanywa kuwa kwaya kubwa za sikukuu za taifa, nyimbo za kumsifu kiongozi zikatungwa kwa wingi. Baadhi zilikuwa muziki mzuri wenye maneno dhaifu. Wakati huo huo Boniface Mghanga aliijenga kwaya ya Muungano, na mwaka 1990 wakarekodi Missa Luba. Misa hiyo nayo ilizaliwa shuleni: huko Kamina, Katanga, katika miaka ya 1950, padri Mfransisko Guido Haazen aliwakusanya wavulana wapatao 45 wa miaka 9 hadi 14 na walimu wapatao 15, wakaimba maneno ya Kilatini kwa nyimbo na mirindimo ya kwao, na sehemu kubwa waliibuni papo hapo. Mwaka 1958 walizunguka Ulaya nayo. Kwamba miaka zaidi ya 30 baadaye ni Wakenya waliolelewa na matamasha walioirekodi upya, kwangu si ajabu. Masikio yao yalikuwa yameandaliwa tayari kushika sauti nne na ngoma kwa pamoja.

Sasa nirudi darasani, ambako habari ni fupi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 muziki ulitahiniwa katika shule za msingi. Wazazi walinunua rikoda, ile filimbi ya plastiki, na vijiji vikajaa milio yake. Watoto wale waliofika kidato cha kwanza niliwapokea wakiwa wanasoma noti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo likaondolewa kwenye mtihani wa mwisho wa msingi, na mara moja likafa kwenye ratiba hata pale lilipoandikwa, kwa kuwa kisichotahiniwa kwetu hakifundishwi. Sekondari lilibaki la hiari, lenye karatasi tatu: utendaji, usikivu, na nadharia pamoja na historia na uchambuzi. Shule chache zililishika, nyingine zikabaki na kwaya bila somo.

Kwaya hizo zinashinda vikombe, na hilo ndilo linalowapofusha wakuu wa shule. Mwalimu anarekodi kila sauti kwenye simu, wanafunzi wanakariri, na muhula unaofuata wanaanza tena sifuri, kwa sababu hakuna aliyejifunza kusoma. Babu zao wa Maseno na Kaimosi walipewa wimbo mgeni ubaoni wakaweza kuusoma. Hawa wana sauti nzuri zaidi, mavazi bora zaidi na kondakta mwenye shahada, lakini ukiwawekea karatasi mpya wanakutazama.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na mmoja wa mikondo mitatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Muziki umo humo. Walimu wa shule jirani wamekuwa wakija kwangu kuuliza waanze na nini, na wengi wana orodha ya tarumbeta na kinanda mkononi. Ninawaambia wapate kwanza vipindi viwili kwa wiki vilivyoandikwa kwenye ratiba, mchana, si saa kumi jioni, na kwa kila mwanafunzi wa mkondo huo, si waimbaji wa kwaya peke yao. Wapake mistari mitano kwenye nusu moja ya ubao, nusu ya pili waiachie solfa. Orodha ya tarumbeta waipeleke kwa mkuu wa shule muhula wa tatu.