Mpaka wa Mji na Ardhi ya Kukaa: Habari za Kibera na Kawangware



Katika kijitabu hiki mtasoma hesabu ya michango ya mwaka na misaada iliyotolewa. Kurasa hizi chache zahusu jambo linalommalizia mwanachama mapato yake kabla hajafikia kuchanga, nalo ni kodi ya chumba. Yafaa tujue jinsi ardhi ya kukaa ilivyokuwa haba katika mji uliozungukwa na nchi pana.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Mwaka uliofuata kanuni za kwanza za mji ziliweka mpaka kuwa duara la maili moja na nusu kutoka afisi ya Serikali. Tangu hapo mpaka umesogezwa mara kadhaa, na kila mara ilidhaniwa kwamba kupanua mstari ni kupata nafasi. Lakini mstari ni kitu kimoja, na kiwanja cha kujengea nyumba ni kitu kingine.

Tuanze na Kibera. Askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles, ambao watoto wao twawaita Wanubi, walianza kukaa huko mapema katika karne iliyopita. Mwaka 1918 Serikali ilitangaza eka 4,197 kuwa ardhi ya jeshi. Wale wazee walijenga, wakalima, wakazika wafu wao, lakini walikaa kwa ruhusa, si kwa hati. Mwenye ruhusa hana la kusema ardhi ikikatwa. Basi sehemu baada ya sehemu ikatolewa, na mitaa mipya ikajengwa juu yake. Watu waliozidi kuja kutafuta kazi wakasongamana katika eneo lililosalia. Ni tarehe 2 Juni 2017 tu ambapo Wanubi walikabidhiwa hati ya eka 288.

Kawangware ina habari nyingine. Hapa palikuwa nje ya mji, katika Dagoretti, nchi ya mashamba ya Wakikuyu chini ya wilaya ya Kiambu. Katika miaka ya 1950 mashamba yalikusanywa na kupimwa, na wenyewe wakaandikishiwa milki zao. Wakati huo mji wenyewe ulimhesabu Mwafrika kuwa mgeni wa muda, aliyekuja kufanya kazi kisha arudi kwao. Mpango mkuu wa mwaka 1948, ulioandikwa na mabwana Thornton White, Silberman na Anderson, ulichora mitaa ya watu wa kazi, lakini nyumba zilizojengwa hazikuwatosha. Basi aliyekosa nafasi mjini alivuka mpaka na kutafuta chumba kwa mwenye shamba, mahali ambapo sheria za ujenzi za Baraza la Mji hazikufika.

Mwaka 1963 mpaka ulipanuliwa kutoka yapata kilomita za mraba 83 hata kufikia yapata 690. Dagoretti yote ikaingia mjini, na Kawangware pamoja nayo. Wengi walitumaini kwamba barabara, maji na mabomba ya maji machafu yangefuata mstari. Kwa sehemu kubwa yaliyotangulia kufika ni watu. Hesabu ya mwaka 1969 iliwakuta watu 509,286 katika Nairobi. Ile ya mwaka 2019 iliwakuta 4,397,073. Mpaka ni ule ule wa 1963.

Mwenye shamba wa Kawangware alifanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angalifanya. Mazao ya shamba dogo hayakuweza kushindana na kodi. Akajenga vyumba vya mbao na mabati, kisha akawagawia wanawe, nao wakajenga. Kila mmoja alikuwa na haki katika kipande chake, lakini hakuna aliyewekewa wajibu wa kuacha njia ya gari, uwanja wa shule au mfereji. Kibera ilikosa hati. Kawangware ilikuwa na hati, ikakosa mpango. Zote mbili zikafika mahali pamoja, pa vichochoro na matope.

Isidhaniwe kwamba njia nyingine haikujulikana. Mwaka 1975 Baraza la Mji, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, lilianza kazi Dandora, ambako viwanja 6,000 vilikusudiwa kupimwa na kutiwa maji, vyoo na njia kwanza, kisha mwenye kiwanja ajenge vyumba polepole kwa uwezo wake. Kazi hiyo ilikuwa na kasoro zake, na baadhi ya waliopewa waliuza au wakapangisha. Hata hivyo njia za Dandora zilichorwa kabla ya nyumba. Kosa kubwa ni kwamba viwanja vya namna hiyo havikuendelea kutolewa kwa kadiri watu walivyoongezeka.

Leo nyumba za ghorofa zainuka Kawangware juu ya viwanja vile vile vyembamba, na mashamba yaliyo mbali zaidi, nje ya mpaka, yakatwa kama yetu yalivyokatwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kupima njia shambani ni kazi ya siku chache. Kuipata baada ya nyumba kusimama ni kubomoa makao ya watu, na wa kwanza kubomolewa huwa mpangaji.

Kwa hiyo twawaomba wazee wenye ardhi, wanapowagawia watoto, waache njia kwanza ndipo wakate viwanja. Na wanachama wote twawasihi wahudhurie mabaraza ya Serikali ya Kaunti yanapoitishwa kuhusu mipango ya ardhi, waulize si mpaka utafika wapi, bali ni viwanja vingapi vitakavyopimwa, vitapata maji lini, na mtu wa mshahara mdogo ataviwezaje.