Askari apimwe kwa urefu ama kwa kazi? Historia ya kipimo cha mwili katika polisi

Kila mara habari ya kuandikisha vijana katika polisi inapofika kambini, maswali yanakuwa mengi. Binti mmoja aliyekimbia kijiji chake pamoja na wadogo zake aliniuliza: «Papa, mimi niko mufupi. Watanikubali?» Sikumjibu palepale. Swali lake lina historia ndefu, na historia hiyo inatugusa sisi wote tunaolala tukitegemea askari wa zamu.

Tuanzie Uingereza. Mwaka wa 1829, mji wa London ulipata polisi wake wapya. Aliyetaka kuingia alipaswa kuwa na umri usiofika miaka 35, afya nzuri, kujua kusoma na kuandika, na urefu wa karibu metre 1,70. Wakubwa waliona kwamba mtu mrefu ataheshimiwa barabarani hata kabla ya kufungua kinywa. Lakini askari aliyepewa namba 1 alifukuzwa siku ileile ya kwanza ya kazi, kwa sababu ya ulevi. Urefu alikuwa nao; kilichokosekana hakikuweza kuonekana kwenye kipimo.

Huku kwetu, kazi ya polisi ilianza kwa sura ya jeshi. Force Publique ya wakati wa Leopold II na baadaye ya Wabelgiji ilipigana vita, na ilitumwa pia kulazimisha watu kutoa mpira, kulipa kodi na kutii Bula Matari. Machifu walidaiwa kutoa vijana, na mara nyingi walitoa watumwa ama watu waliowasumbua kijijini. Mwenye mwili imara alichukuliwa kutumikia miaka saba. Alitafutwa mwenye mabega ya kubeba bunduki na miguu ya kutembea siku nyingi. Kama alijua kusema na raia kwa upole, hilo halikuwa na bei.

Matunda yake yalionekana mwaka wa 1960. Force Publique ilikuwa na askari karibu 25.000, wenye miili iliyozoea mazoezi, lakini hakuna Mkongomani hata mmoja aliyekuwa ofisa. Tarehe 5 mwezi wa saba, siku tano tu baada ya uhuru, askari waliasi Léopoldville na Thysville. Walichokosa hakikuwa nguvu za mwili. Walikosa kuheshimiwa na kupandishwa vyeo, na raia wa kawaida wakaingia katika hofu.

Baadaye, mwaka wa 1972, Mobutu aliweka jandarmeri pahali pa polisi, na ulinzi wa raia ukarudi tena mikononi mwa watu wenye mafunzo ya kijeshi. Polisi ya kitaifa tunayoijua leo ilizaliwa mwaka wa 1997 tu. Basi tusishangae kama watu wengi kati yetu, wakisikia neno «polisi», wanaona kwanza mwanaume mrefu, mwenye kifua kipana na fimbo mkononi.

Katika inchi zingine, picha hiyo ilipelekwa mbele ya mahakama. Katika jimbo la Alabama, Marekani, msichana Dianne Rawlinson aliomba kazi ya kulinda gereza. Alikataliwa kwa sababu hakufikisha uzito wa kilo 54. Urefu uliotakiwa ulikuwa karibu metre 1,57. Vipimo hivyo viwili pamoja vilifunga mlango kwa wanawake zaidi ya 40 kati ya 100, lakini kwa wanaume havikufikia hata mmoja kati ya 100. Jimbo lilijitetea kwamba mlinzi anahitaji nguvu. Mwaka wa 1977 Mahakama Kuu ya Marekani ilijibu kwa maneno rahisi kuelewa: kama munatafuta nguvu, pimeni nguvu zenyewe. Hata hivyo, mahakama hiyohiyo iliruhusu jimbo kuendelea kuwazuia wanawake kufanya kazi fulani ndani ya magereza ya hatari ya wanaume. Mlango ulifunguka nusu.

Ugiriki nayo iliweka metre 1,70 kwa wote, wanaume na wanawake. Mwaka wa 2007 mwanamke aliyekuwa na metre 1,68 alikataliwa kuingia shule ya polisi. Alikosa santimetre mbili! Kesi ilifika hadi Mahakama ya Umoja wa Ulaya, ambayo mwaka wa 2017 ilisema kwamba kipimo kile kiliwaumiza wanawake zaidi. Iliongeza kwamba kazi nyingine za polisi, kama kusaidia raia na kuongoza magari, hazihitaji nguvu kubwa, na kwamba hata pale nguvu zinapohitajika, mrefu si lazima awe ndiye mwenye nguvu.

Uingereza wenyewe waliondoa sheria ya urefu mwaka wa 1990. Sasa askari wao anakimbia huku na huku zaidi kidogo ya metre 500, katika muda usiofika dakika 4. Kipimo ni kimoja kwa mwanamke na mwanaume, kwa mrefu na mfupi, na kinarudiwa kila mwaka.

Hapo ndipo pana fundisho kwetu. Askari wa huku anatembea usiku kwa miguu, anapanda milima katika matope, pengine anabeba mgonjwa ama mtoto wakati watu wanakimbia. Afya na pumzi anazihitaji kweli. Lakini mwili haukai na nguvu kwa sababu ulipimwa siku moja ya kuandikishwa. Unahitaji chakula, usingizi, munganga na mshahara unaofika. Askari mwenye njaa hatakimbia kumfuata mwizi, na pengine atamngojea raia kwenye kizuizi.

Tena kuna jambo moja zaidi. Mama aliyetendewa ubaya njiani, akitoka kutafuta kuni, atamueleza nani? Wengi watanyamaza mbele ya mwanaume mwenye bunduki, lakini watasema mbele ya askari mwanamke. Tukiwafungia wanawake mlango kwa sababu ya santimetre, tunafunga pia vinywa vya wale wanaohitaji kusikilizwa. Sheria yetu ya tarehe 11 mwezi wa nane 2011 inasema kwamba polisi ni kazi ya kiraia, iliyo karibu na wananchi na inayowasikiliza. Masikio hayapimwi kwa metre.

Kwa hiyo binti yangu, jibu langu ni hili: siku ya kuandikishwa ikifika, enda. Anza sasa kukimbia kila asubuhi, na usiache masomo. Wakikuambia u mfupi, uliza kwa heshima ni kazi gani ya askari ambayo urefu wako utakuzuia kuifanya.