Miwani Janja: Historia ya Jicho la Mgeni

Miwani ilipobuniwa Italia mwishoni mwa karne ya 13, kazi yake ilikuwa moja: kumsaidia aonaye kwa shida. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliunda chombo cha kuvaliwa kichwani kilichoonyesha michoro mbele ya macho. Kilikuwa kizito hata kikaning'inizwa darini. Mwaka 2013 Google iliwauzia wanunuzi wa awali miwani yenye kamera kwa dola 1,500, lakini Januari 2015 ikasitisha mauzo hayo. Wengi hawakupenda kuketi mbele ya mtu wasiyejua kama anawatazama au anawarekodi. Mwaka 2023 Ray-Ban na Meta wakatoa miwani isiyotofautiana sana na ya kawaida. Nionavyo mimi, hapo ndipo historia ilipogeuka: kilichokataliwa kilipoonekana, kilikubaliwa kilipofichika.

Sibezi uvumbuzi huu. Kwa asiyeona, miwani inayomsomea maandishi kwa sauti ni mlango wa kujitegemea. Kwa mhudumu wa afya ambaye mikono yake yote ina kazi, kupata ushauri wa daktari aliye mbali ni msaada mkubwa.

Lakini tuitazame kutoka Kata ya Tumati, wilayani Mbulu. Miwani hii huhitaji simu janja, intaneti na umeme wa kuichaji. Tafsiri yake ya mazungumzo ilianza na Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano na Kihispania. Kiiraqw, lugha ya Kikushi inayosemwa nyumbani na wakazi wengi wa nyanda hizi, hakikuwamo. Kwa hiyo bibi wa Tumati asiyeona hasomewi lolote kwa lugha yake; mgeni akija amevaa miwani hiyo, bibi huyo anakuwa picha tu.

Nchi hii inalijua jicho la mgeni. Katika miaka ya 1930 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen aliongoza misafara hadi Ziwa Eyasi. Vipande vya mafuvu ya kale vilivyopatikana huko vilipelekwa Ujerumani, na hadithi za Wahadzabe zikachapwa kwa Kijerumani. Maarifa yalipatikana, ndiyo. Ila wenyeji hawakuwa wasomaji wake. Tofauti ya leo ni kwamba msafara ule ulionekana ukija.

Mwaka 2024 wanafunzi wawili wa Harvard walionyesha kwamba video ya miwani hiyo, ikiunganishwa na programu za kutafuta sura, huweza kutoa jina na makazi ya mpita njia. Taa ndogo kwenye fremu huashiria kurekodi, lakini taa humsaidia nini asiyejua maana yake?

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Sheria ipo, kinachohitajika ni kuifikisha kijijini. Mtumishi wa halmashauri anayempokea mtafiti aulize kuhusu miwani kama anavyouliza kuhusu kibali. Mwanafunzi aendaye uwandani aivue kwanza, aeleze kazi yake kwa lugha inayoeleweka, kisha asubiri jibu. Na jibu likiwa hapana, liheshimiwe.