Umri wa Mbu na Ukuta wa Nyumba: Modeli za Malaria kutoka Ross hadi Garki

Mwaka 1897 Ronald Ross, daktari wa kijeshi wa Uingereza nchini India, aligundua vimelea vya malaria ndani ya mbu. Katika kitabu chake cha mwaka 1911 alikwenda mbali zaidi. Alionyesha kwa milinganyo kwamba malaria yaweza kutoweka bila kuangamiza kila mbu, mradi idadi yao ishuke chini ya kiwango fulani.

Katika miaka ya 1950 George Macdonald aliuhamisha mjadala kutoka idadi ya mbu hadi umri wao. Vimelea huhitaji takriban siku kumi kukomaa ndani ya mbu. Endapo mbu 90 kati ya kila 100 husalimika kila siku, 35 hivi huifikia siku ya kumi. Wakisalimika 80, hubaki 11 tu. Kwa hiyo kufupisha maisha ya mbu kidogo tu hupunguza maambukizi kwa kiasi kikubwa. Hoja hiyo iliipa nguvu ya kinadharia kampeni ya kutokomeza malaria iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1955, ambayo silaha yake kuu ilikuwa kunyunyizia dawa kuta za nyumba.

Barani Afrika hesabu hiyo ilikutana na mazingira magumu zaidi. Katika mradi wa Pare-Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, unyunyiziaji wa dieldrin katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 ulipunguza sana maambukizi, lakini haukuyakatisha. Huko Garki, kaskazini mwa Nigeria, Shirika hilo na serikali ya nchi hiyo walifanya utafiti kuanzia mwaka 1969 hadi 1976, sambamba na modeli mpya ya Dietz, Molineaux na Thomas. Dawa ya ukutani pekee haikufua dafu, kwa kuwa mbu wengi walipumzika nje ya nyumba.

Kosa halikuwa katika hesabu ya Macdonald, bali katika dhana kwamba kila mbu hutua ukutani. Dhana hiyo haikuweza kuthibitishwa mezani. Ilihitaji watu wa kuhesabu mbu vijijini, usiku baada ya usiku. Mshauri wa sera anayepokea utabiri wa kompyuta leo hana budi kuuliza kwanza: ni nini kilichopimwa, na kilipimwa wapi?