Utegemekaji: neno la bastola isiyokwama

Machi 1911 jeshi la Marekani lilishindanisha bastola mbili: ya Colt, aliyoibuni John Browning, na ya Savage. Kila moja ilifyatua risasi 6,000. Ikipata moto ilitumbukizwa majini ipoe, kazi ikaendelea. Savage ilikwama au kuvunjika kifaa mara 37. Colt haikukwama hata mara moja. Kabla mwezi haujaisha ikawa imechaguliwa, ikaitwa M1911, nayo Beretta ilikuja kushika nafasi yake mwaka 1985.

Sifa iliyoipa Colt ushindi Kiingereza hukiita "reliability". Sisi tuiiteje?

"Uaminifu" ndilo neno linalotangulia mdomoni, nami nalikataa. Mwaminifu ni mtu awezaye kuiba asiibe; ana dhamiri. Chuma hakina dhamiri. "Uimara" nao hautoshi, kwa sababu bastola huweza kudumu miaka hamsini bila ufa na bado ikakwama kila inapopelekwa kwenye shabaha.

Linabaki "kutegemea", na hapa viambishi vinataka uangalifu. Mtegemezi ni mtoto anayesubiri kulishwa. Utegemezi ni hali yake yeye, si ya mzazi. Sisi tunamtafuta yule anayebeba uzito. Kinachotufikisha kwake ni kile kiambishi kidogo -k-: barabara hupitika, mwandiko husomeka, bastola hutegemeka. Na kama tulivyokwisha kupata usomekaji, tupate utegemekaji. Ni neno refu, lakini linasema kweli.

Uzuri wa -k- ni kwamba huja na masharti yake. Barabara ya udongo inapitika kiangazi, masika haipitiki. Ndivyo ilivyo kwa bastola. Wamarekani wengi wanaobeba silaha kila siku hupenda ndogo, ifichike chini ya shati. Mtutu wake ni mfupi, springi yake ni ngumu, na lile bamba la juu linalorudi nyuma baada ya kila mlio lina nafasi finyu ya kusafiri. Mkono ukilegea, bastola nzima hurudi pamoja nao, bamba lisifike mwisho wa safari yake. Ganda tupu halirushwi nje. Hubanwa kwenye tundu la kutokea, likasimama wima kama bomba la moshi juu ya paa, na risasi inayofuata haitoki. Mpe bastola hiyohiyo mtu mwenye mshiko thabiti, huenda itamaliza magazini nzima bila kusita.

Risasi nazo ni sharti. Mtu hufanya mazoezi kwa zile za bei nafuu, zenye ncha ya mviringo, kisha hubeba zile zenye shimo nchani. Umbo limebadilika, na namna ya kuingia chemba imebadilika pia. Mazoezi yake yamepima kitu kingine, si kile alichokivaa kiunoni.

Kuna pia suala la idadi. Wengi huridhika bastola ikifyatua risasi 200 bila kukwama. Ipo hesabu nyepesi ya wanatakwimu: gawanya 3 kwa idadi ya majaribio yasiyo na kasoro hata moja. Kwa 200 unapata asilimia 1.5. Maana yake, kwa uhakika wa asilimia 95, huwezi kusema zaidi ya kwamba bastola hiyo haikwami mara nyingi kuliko moja katika kila risasi 67. Kwa mtu anayeikabidhi uhai wake, hicho ni kiwango cha chini mno. Risasi 6,000 za Colt, kwa hesabu hiyohiyo, zinafikisha moja katika 2,000.

Kwa hiyo nawaomba wafasiri na waandishi wenzangu: mkiandika kwamba bastola fulani inategemeka, andikeni palepale imefyatua risasi ngapi, za aina gani, mkononi mwa nani.