Kagehi na Njia ya Kiswahili Ziwani

Kwa Kisukuma, neno sukuma maana yake ni kaskazini. Ukingoni mwa nchi hiyo ya kaskazini, penye vilima vya majabali, kipo kijiji kidogo cha Kagehi, kando ya Ghuba ya Speke. Kukiita cha pwani si sawa, kwani pwani latokana na kupwa, na ziwa halipwi kama bahari.

Kagehi hutajwa kwa sababu ya H. M. Stanley, aliyefika hapo tarehe 27 Februari 1875, baada ya kupita Usiha katika Shinyanga ya leo, na tarehe 8 Machi akashua mashua yake, Lady Alice. Sifa hiyo imefunika jambo kubwa zaidi. Stanley alimkuta huko mfanya biashara Sungoro Tarib, ambaye jahazi lake lilikuwa likiundwa Ukerewe. Tena, kwa muda wa karibu miezi miwili aliyokuwa majini, wengi wa Waungwana wake walibaki kwa mtemi Kaduma, wakinunua chakula kwa wenyeji. Ni vigumu kuamini kwamba waliondoka bila kuacha maneno yao.

Basi wanaosema Kiswahili kililetwa na machimbo ya dhahabu ya Geita, ya miaka ya 1930, wamechelewa nusu karne. Machimbo yalikieneza, wapagazi walikwisha kukifikisha. Hata Speke, alipofika Mwanza mwaka 1858, alisema Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, naye Bombay akauliza wenyeji kwa Kiswahili.