Safu ya Lugha: Mpangaji

Kitenzi “kupanga” kina kazi mbili: unapanga vitabu kabatini, unapanga chumba Sinza. Mafundi wa simu za intaneti wanazihitaji zote. Mtambo mmoja wa Asterisk, programu aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999, unaweza kuhudumia kliniki, duka la vipuri na ofisi ya wakili, na kila mmoja akawa na namba yake ya ndani 101. Majina ya kusajili simu hayawezi kufanana, hivyo fundi huandika kliniki-101 na wakili-101, kisha humtengea kila mteja muktadha wake, yaani kundi lake la kanuni za kuelekeza simu: daktari akibonyeza 101 anapata mapokezi yake, si ya wakili. Muktadha mmoja ukiachwa wazi, duka laweza kupiga simu za nje kwa gharama ya kliniki.

Wapo wanaouita mtambo huo wa “watumiaji wengi”. Sikubaliani nao, maana kliniki peke yake ina watumiaji wengi. Ni mtambo wa wapangaji wengi. Fundi naye, asije akadaiwa kodi, tumwite mpangiliaji.